Seva ya RP imegoma: shika dalili kwanza, kufuta baadaye

Malalamiko ya seva za RP (roleplay, gemu la kuigiza maisha ya mhusika wako) za huku kwetu Arusha na Moshi yanafanana mno. Mtu anaandika kwenye Discord "admini seva imekufa", basi, kaondoka. Hiyo sentensi inaweza kumaanisha seva haijawaka kabisa, au imewaka ila watu hawaingii, au wanaingia wanabaki kwenye skrini ya kulodi, au wameingia ila magari yanaruka ruka, au kila kitu kiko poa ila bando lake ndo limeisha. Kila moja ina dawa yake, na ukitumia dawa ya hii kwa ile ndo unasikia mtu kafuta databezi nzima wakati shida ilikuwa alama moja ya nukuu kwenye server.cfg, lile faili la mipangilio ya seva.

Haya yote ni ya FiveM, ile modi ya GTA V inayokupa uwezo wa kuendesha mji wako mwenyewe (Cfx.re wanaoitengeneza wako chini ya Rockstar Games tangu Agosti 2023). Nimepanga kwa dalili, na kwenye kila dalili sababu inayotokea sana ndo ya kwanza, kwa hiyo usirukie ya mwisho kwa sababu inasikika nzito.

KABLA HUJAGUSA KITU

Konsoli ni lile dirisha jeusi la seva, ukitumia txAdmin, paneli ya kuendeshea seva, unaliona kwenye kivinjari kupitia poti 40120. Likijaa maandishi mekundu macho yanakimbilia mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho mara nyingi hauna kosa la kwake. Chukua mfano huu, nimeufupisha:

oxmysql: connect ECONNREFUSED 127.0.0.1:3306
es_extended: (makosa kibao)
esx_garage: attempt to index a nil value (global 'ESX')

Anayesoma chini anasema garaji mbovu, anaenda kutafuta garaji nyingine, anaiweka, nayo inagoma vile vile. Garaji ni nzima. Databezi haijawaka, kwa hiyo mfumo mama haukuamka, kwa hiyo garaji ilipomwita ESX haikumkuta. Panda juu mpaka kosa la kwanza tangu seva ilipowashwa, shughulika na hilo tu, washa upya, uone yaliyobaki. Ukikaa na hii tabia nusu ya matatizo hutahitaji kumuuliza mtu.

Mfumo mama ni ile skripti kubwa inayobeba wachezaji, kazi zao, pesa na begi la vitu, kwa kawaida ESX au QBCore. Risosi ni folda moja ya skripti, ya gari au ya ramani, ndani yake lazima kuwe na faili la fxmanifest.lua, na unaiwasha kwa neno ensure kwenye server.cfg. Oxmysql ni risosi inayounganisha seva na databezi. Hayo matatu ukiyajua konsoli inaanza kusomeka.

Na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitano ikapona hujui kipi kimeponya, isipopona umeongeza matano mapya.

DALILI: SEVA HAIWAKI, AU INAWAKA ILA RISOSI FULANI INAGOMA

Inayoongoza ni jina. Konsoli inasema "Couldn't find resource" na wewe unaiona folda pale pale unashangaa. Fungua folda uangalie ndani: ukishusha kutoka GitHub jina linakuja na -main mwishoni, na ukifungua zipu kwenye Windows unapata folda ndani ya folda yenye jina lile lile, kwa hiyo fxmanifest.lua iko ngazi moja chini zaidi ya unapodhani. Toa ile ya ndani, futa -main, jina lilingane herufi kwa herufi na ulichoandika kwenye ensure. Hapo hapo washa kwenye Windows ile sehemu ya kuonyesha viambishi vya mafaili, kwa sababu kuna wanaotengeneza fxmanifest kwa Notepad ikajihifadhi kama fxmanifest.lua.txt na kwa macho huoni tofauti.

Inayofuata ni mpangilio. Server.cfg inasomwa juu kwenda chini. Oxmysql mwanzo, mfumo mama baada yake, halafu vingine vyote. Ukiweka kazi ya polisi juu ya es_extended unaomba makosa.

Halafu kuna kosa la uandishi. Konsoli inakupa jina la faili na namba ya mstari, mfano config.lua:48, wewe angalia mstari wa 48 na wa 47, koma iliyosahaulika huwa iko mstari wa juu yake. Kwenye server.cfg mtuhumiwa ni alama ya nukuu iliyofunguliwa haikufungwa.

Halafu skripti ya zamani. Ukiona ESX ni nil (yaani haipo) na databezi iko hewani na mpangilio uko sawa, kafungue skripti yenyewe utafute mstari wa TriggerEvent('esx:getSharedObject'. Njia hiyo ESX mpya waliitoa. Weka badala yake ESX = exports['es_extended']:getSharedObject() na mara nyingi inapona hapo hapo. Skripti yenye __resource.lua badala ya fxmanifest.lua ni ya kizamani zaidi, hiyo mi ningetafuta mbadala kuliko kuipigania.

Seva nzima isipowaka kabisa, cheki vitu viwili. Ufunguo wa leseni, ule wa sv_licenseKey, umekaa mzima bila nafasi katikati? Na poti 30120 haijashikwa? Hii ya pili inatokea sana ukifunga dirisha vibaya, FXServer.exe ya mwanzo inabaki nyuma inaendelea kukalia poti, fungua Task Manager uiue ndo uwashe upya. Ya mwisho kabisa ni atifakti, yaani mafaili ya seva yenyewe ya FiveM, yakizeeka sana baadhi ya risosi zinakataa. Shusha toleo lililopendekezwa, weka kwenye folda mpya, ile ya zamani usiifute mpaka mpya iwake.

Skripti ya kununua ikisema huna haki ya kuitumia, angalia kama faili la .fxap limepotea wakati wa kuhamisha au kama leseni ya seva siyo ya akaunti iliyonunua. Zaidi ya hapo acha, mwandikie aliyekuuzia. Usitafute iliyovunjwa, nitakwambia kwa nini huko mbele.

DALILI: MIMI NAINGIA, WENGINE HAWAINGII

Kama unaendesha seva kwenye PC ya nyumbani na wewe unaingia kwa localhost (yaani kutoka PC hiyo hiyo) lakini mwenzako wa Njiro anakataliwa, kwanza waulize FiveM yao imeelekezwa kwenye GTA gani. Toleo la Enhanced lilipotoka Machi 2025 FiveM haikuwa inafanya kazi nalo, ilitaka Legacy, lile la zamani, na watu wengi sasa wana yote mawili kwenye mashine moja.

Kama wote wako sawa, njoo kwenye ukuta wa moto wa Windows, ruhusu poti 30120 kwa TCP na kwa UDP (njia mbili za kupitisha data), zote mbili. Ukifungua TCP peke yake jina la seva linaonekana, idadi ya watu inaonekana, ila mtu akibonyeza kuingia anazunguka mpaka anatupwa nje.

Baada ya hapo rauta, uelekeze poti hiyo kwenye IP ya ndani ya PC yako. Na hapa ndo wengi wa huku kwetu wanagonga ukuta. Ingia kwenye rauta uangalie IP yake ya nje, halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikiwa tofauti, na ile ya rauta inaanza na 10. au iko kati ya 100.64 na 100.127, maana yake mtandao wako unakuweka nyuma ya IP moja na wateja wengine kibao, na hakuna mpangilio wa rauta utakaofungua hapo. Usichome siku nzima. Ama uombe kampuni ya mtandao wako IP ya umma, wanaitoa kwa baadhi ya huduma za waya kwa malipo, ama seva uihamishie kwenye mashine ya kukodi. Kwa rauta ya laini ya simu mara nyingi njia ni hiyo ya pili.

DALILI: MTU ANALODI MILELE, AU ANAINGIA ANADONDOKA CHINI YA RAMANI

Uliza swali moja: ni yeye peke yake au ni wote?

Akiwa peke yake anza na kashe, yaani mafaili ya seva yaliyohifadhiwa kwenye mashine yake. Afunge FiveM, aende kwenye FiveM Application Data, folda ya data, afute server-cache na server-cache-priv. Folda ya game-storage asiiguse kabisa, akiifuta atashushiwa upya mafaili mengi ambayo hayana kosa lolote. Na mwambie mapema kwamba server-cache-priv ndo inabeba magari na nguo zote za seva yako, akifuta anaanza kushusha upya, kama ni giga tatu ni giga tatu za bando lake. Mtu wa Pasua anayeunga bando la siku huwezi kumwambia "futa kashe" kila akilalamika. Kwa hiyo kabla ya kashe abonyeze F8, konsoli ya upande wake, akutumie picha ya maandishi, kosa likitaja risosi ya seva basi kashe yake haihusiki.

Bado ni yeye tu? Angalia mstari wake kwenye databezi. Seva ikizimika ghafla wakati inahifadhi, sehemu ya begi au ya mahali alipokuwa inaweza kubaki nusu, na mfumo mama ukijaribu kuisoma unakwama. Nakili mstari mzima pembeni kwanza, halafu rekebisha ile sehemu peke yake. Ukimfuta mtu kabisa umemfutia nyumba, gari na kazi, na hiyo imani hairudi kirahisi.

Wakiwa ni wote, ni risosi mbili zinazogombania kuwaingiza watu. Skripti mbili za kuchagua mhusika haziwezi kukaa pamoja. Zima moja.

DALILI: INAGANDA, INARUKA RUKA, INALAGI

Hapa kila mtu anaandika "lag" na kumbe kuna mambo matatu.

La kwanza ni pingi. Ni muda wa data kwenda na kurudi. Kutoka huku mpaka seva iliyoko Ujerumani pingi ya 150 na zaidi kidogo ni ya kawaida, umbali ndo huo na data inapita nyaya za chini ya bahari, hakuna skripti itakayoishusha. Seva ikiwa Johannesburg inapungua sana. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu intaneti ya nchi nzima iliyumba, siku kama hiyo usiguse seva, subiri.

La pili ni mashine ya mchezaji. Picha zinatembea taratibu kwake ila pingi yake nzuri. Abonyeze F8 aandike resmon 1, atapata orodha ya risosi na milisekunde zinazokula. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde una milisekunde kama 16 tu za kugawana na gemu lenyewe, kwa hiyo risosi inayokula 2 au 3 wakati mtu amesimama tu hafanyi kitu, hiyo ni mwizi. Mara nyingi ukifungua ndani unakuta while true do yenye Wait(0) inakagua kila fremu kama umesogea karibu na duka. Weka ikague kila nusu sekunde ukiwa mbali, na ianze kukimbia ukishafika karibu. Mabadiliko madogo ila watu wenye mashine za kawaida wanayasikia siku hiyo hiyo.

La tatu ndo la seva yenyewe, na hili ndo linalowagandisha wote kwa pamoja. Konsoli inaandika "server thread hitch warning" ikifuatiwa na milisekunde. Kazi nyingi za seva zinapita kwenye uzi mmoja, yaani ni sawa na muuza chipsi mmoja mwenye foleni, mteja mmoja akiagiza sahani kumi wote nyuma wanasubiri. Zikitokea moja moja wakati wa kuwasha seva puuzia. Zikija kila dakika tafuta anayeagiza sahani kumi: kwenye konsoli andika profiler record 500, iache imalize, halafu profiler view, utaona risosi ipi inakaa muda mrefu.

Mara nyingi nyuma yake kuna ombi zito la databezi, mfano garaji inayosoma magari ya seva nzima kila mtu akifungua menyu, kwenye jedwali lisilo na faharasa (index) kwa mwenye gari. Oxmysql huwa inaonya kwenye konsoli ombi likichukua muda mrefu na inakutajia risosi iliyotuma. Ongeza faharasa kwenye ile safu inayotafutwa, owner au citizenid kutegemea mfumo wako, uone tofauti. RAM na mashine kubwa zaidi viache mwisho kabisa. Watu wanaanza na kulipia mashine kubwa, na shida hii hii inawafuata huko.

DALILI: UMEME ULIKATIKA, SASA DATABEZI HAIWAKI

Hii nakaa nayo kidogo kwa sababu ndo inayoua seva za nyumbani, na seva inauawa zaidi na mwenyewe kuliko na TANESCO.

Wengi wanatumia XAMPP, programu inayowasha databezi ya MySQL kwenye PC. Umeme unakatika usiku, unarudi, unabonyeza Start kwenye MySQL, inawaka kijani sekunde mbili inazima, inaandika "MySQL shutdown unexpectedly". Ukitafuta mtandaoni unaambiwa futa ibdata1 au futa folda ya data uweke ile ya backup. USIFANYE. Ibdata1 ndo ina orodha inayoiambia databezi jedwali lipi liko wapi, ukiifuta yale mafaili ya majedwali yanabaki hapo hapo unayaona lakini hayafunguki. Na hiyo folda ya backup ya XAMPP haina wachezaji wako hata mmoja, ni ile tupu iliyokuja na programu.

Hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kusoma ushauri wowote: nakili folda yote ya mysql/data, ipeleke kwenye diski nyingine au flashi. Yote. Ukishafanya hivyo kosa lolote utakalofanya baadaye linarekebishika.

Sasa cheki rahisi. Poti 3306 imeshikwa na MySQL nyingine uliyowahi kuweka? Diski imejaa? Kisha fungua mysql_error.log ndani ya folda ya data, nenda mwisho, ila panda mpaka pale ilipoanza kuwaka mara ya mwisho. Ikisema "Aria recovery failed" log yenyewe inakwambia cha kufanya: endesha aria_chk -r kwenye majedwali ya Aria (aina moja ya majedwali, InnoDB ni nyingine) na uondoe mafaili yanayoanza na aria_log. Hiyo inapona mara nyingi na haigusi majedwali ya InnoDB ambako kawaida ndo wachezaji wako wapo. Ikilalamikia InnoDB, ongeza innodb_force_recovery = 1 kwenye my.ini, iwake, utoe nakala kwa mysqldump haraka, halafu uijenge databezi upya kutoka kwenye hiyo nakala. Unaweza kupanda mpaka 3. SIMAMA HAPO. Kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja, na hapo mtafute mtu anayejua MariaDB (ndo MySQL iliyo ndani ya XAMPP) vizuri umpe ile nakala ya folda, wewe usijaribu tena.

Ukishapona, bakapu ya databezi kila siku kwa mysqldump, ikae nje ya mashine hiyo. Kuwa na nakala ya folda ya risosi haikusaidii hapa, wachezaji hawakai humo. Na UPS, hata ndogo ya kukupa dakika za kuzima seva taratibu.

Kama PC inazima yenyewe na umeme upo, kuna harufu ya kuungua, diski inagonga gonga, au taa za nyumba zinapanda na kushuka mwanga, chomoa. Hilo ni la fundi umeme au fundi kompyuta. Usifungue pawa saplai mwenyewe, inabaki na umeme ndani hata ikiwa imechomolewa.

DALILI: MAGARI HAYAONEKANI, MAJENGO YANAPOTEA

Kila seva ya huku inataka Noah, na ina haki, mji wa Arusha bila Noah ni mji gani. Shida ni Noah yenyewe imetoka wapi. Mtu kachukua modeli iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga picha, akaweka stika za kioo cha nyuma na rangi kwa ukubwa wa pikseli 4096 kwa 4096. Picha moja ya ukubwa huo hata ikiwa imebanwa kwa DXT5 inachukua MB 16 hivi, isipobanwa ni MB 64. Ya 1024 iliyobanwa ni MB 1. Kwa macho ya mtu anayeendesha kutoka Kijenge kwenda Mianzini, ndani ya gemu, hakuna anayeona tofauti.

Konsoli inakuonya kabisa wakati wa kuwasha, inaandika "Oversized assets can and WILL lead to issues". Watu wanaizoea ile rangi ya njano wanaacha kuisoma. Zikijaa kumbukumbu ya kadi ya picha inaisha, na GTA inaanza kutupa vitu, jengo linapotea, barabara inakuwa tope la kijivu, gari linaonekana matairi tu. Fungua faili la .ytd, ndo linalobeba picha za gari, kwa programu ya OpenIV, shusha ukubwa wa picha, hifadhi, rudisha. Anza na mafaili yaliyozidi MB 16. Kama gari lenyewe halionekani hata kidogo na onyo hilo halipo, basi jina kwenye vehicles.meta halilingani na jina la faili la .yft.

DALILI: SAUTI HAITOKI

Fupi: mtu mmoja hasikiki, ni maikrofoni yake kwenye mipangilio ya gemu au Windows imemzuia. Wote hawasikiki, una risosi mbili za sauti kwa pamoja, acha pma-voice peke yake. Baadhi wanasikika baadhi hapana, rudi kwenye UDP ya poti 30120.

DALILI: PESA ZIMEFURIKA, AU KUNA MTU ANA UADMINI HUJAMPA

Mtu kaingia jana leo ana milioni mia. Kabla ya kumfungia uliza pesa zilipitia mlango upi. Sababu inayoongoza ni skripti inayomwamini mchezaji, mfano hii:

RegisterNetEvent('kazi:lipa', function(kiasi) ... addMoney(kiasi) end)

Kiasi hapo kinatoka kwenye mashine ya mchezaji. Mwenye programu ya udanganyifu anaita tukio hilo na namba anayotaka, mara mia kwa dakika. Rekebisha seva ndo ijue kazi hiyo inalipa ngapi, ikague kama kweli mtu ana kazi hiyo, yuko mahali hapo, na muda umepita tangu alipwe. Ukimfungia yeye bila kufunga mlango kesho anakuja mwingine.

Sababu ya pili ni mbaya zaidi, na ndo ile niliyosema nitairudia. Skripti za kulipia zinazogawiwa bure baada ya kuvunjwa zinakuja na mlango wa nyuma. Tafuta kwenye risosi zote maneno PerformHttpRequest pamoja na load( au assert(, na mistari mirefu iliyojaa \x na namba. PerformHttpRequest peke yake siyo kosa, log za Discord zinaitumia, ila ikishusha kitu kutoka tovuti usiyoijua na kukiendesha, seva siyo yako tena.

Ukikuta, ZIMA SEVA. Usijaribu kusafisha ikiwa hewani. Badilisha nywila ya databezi, ufunguo wa leseni, tokeni ya boti ya Discord, nywila za txAdmin, kisha jenga upya kutoka bakapu ya kabla ya skripti hiyo. Kama mashine ni hiyo hiyo unayotumia kwa benki au barua pepe, mpe mtu wa usalama wa mitandao aikague yote. Na kama seva inahifadhi namba za simu za watu waliolipia kwa simu, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, waambie walioathirika, usifiche.

Kitu kingine, usishee skrini kwenye Discord huku server.cfg iko wazi. Leseni na nywila vyote viko mle.

DALILI: SEVA HAINA HITILAFU, ILA WATU WANAGOMBANA KILA SIKU

Hili nalo ni tatizo la seva, na linaua miji mingi kuliko umeme. RDM ni kumuua mtu bila sababu yoyote ya hadithi. VDM ni kutumia gari kama silaha bila sababu. Metageimu ni kutumia habari uliyoisikia Discord ambayo mhusika wako hawezi kuijua. Pawageimu ni kumlazimisha mwenzako matokeo bila kumpa nafasi ya kujibu. NLR ni kwamba ukifa unasahau kilichokuua. Kombati logi ni kuzima gemu katikati ya tukio ili ukwepe. Sababu ya ugomvi inayoongoza ni sheria hizi kunakiliwa kutoka seva ya nje kwa Kiingereza, nusu ya wachezaji hawajazisoma. Ziandike kwa Kiswahili na mfano wa mtaani kwa kila moja.

Ya pili ni admini kuhukumu bila kuangalia upande wa kiufundi. VDM chukua hii: gari lenye spidi ya 100 kwa saa linatembea mita 28 hivi kwa sekunde, ukiwa na ucheleweshaji wa milisekunde 200 kati ya wachezaji wawili, gari unaloliona liko mita tano na nusu nyuma ya lilipo kwa mwenyewe. Dereva kwenye skrini yake kakukosa kabisa, wewe kwenye yako umegongwa, na wote wawili mnasema ukweli. Kwa hiyo omba klipu za pande zote mbili na uangalie pingi zao kabla hujafungia mtu.

Kombati logi vile vile. Fungua txAdmin uangalie sababu ya kutoka. "Exiting" maana yake katoka mwenyewe. "Server->client connection timed out" maana yake mawasiliano yalikufa, inaweza kuwa umeme, inaweza kuwa bando, inaweza pia kuwa kachomoa waya makusudi, kwa hiyo siyo ushahidi kamili. Angalia kama wengine wa mtaa wake walidondoka dakika ile ile, kama watu watatu wa Sakina wametoka pamoja jibu unalo. Angalia pia historia yake, anayekatikiwa umeme kila akikimbizwa na polisi huyo unaongea naye.

Kukiwa na vitisho vya nje ya gemu, mtu mzima anamfuata mtoto kwenye meseji za pembeni, au pesa halisi zimetapeliwa, hapo kazi ya admini imeishia. Usiitishe kikao cha Discord. Hifadhi log, klipu na picha za meseji kama zilivyo bila kuzikata, mjulishe mzazi kama ni mtoto, na ulipeleke suala polisi.